Jiko Zito la Sikitu Mkumbo

Chuma kinene huchelewa kushika, huchelewa kuachia.

Haya Kidawa, umeisikia kwa shangazi yako asubuhi hii, na sasa unataka kujua imetoka wapi. Na wewe Selemani umeshamjibu kabla sijafungua mdomo, eti ni maneno ya mafundi gereji. Gereji ipi? Mwaka huo Igwandu nzima haikuwa na gari hata moja la kutengeneza. Kaeni chini, na simu hiyo ifunike. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kwetu, kwenye mnada wa ng'ombe, na jiko lililoizaa nimelibeba mimi mwenyewe kwa bega hili la kushoto. Mwenye kubisha asubiri nimalize.

Siku hizo nilikuwa kijana, mchinjaji wa mbuzi mnadani. Mnada ulikuwa kila wiki, siku ya Jumamosi. Mtu akitaka kula ananunua mbuzi, mimi namchinja, kisha yeye anachukua nyama yake na kuipeleka kwa mchomaji anayemwamini. Wachomaji walikaa safu moja upande wa mashariki, kila mmoja na kiwanja chake. Wao hawakuuza nyama. Walichoma nyama ya mtu, wakapata ujira wao na shingo ya mbuzi. Kwa hiyo mali ya mchomaji ilikuwa mkono wake na kiwanja chake, basi, hakuna kingine.

Na kulikuwa na sheria. Wazee wa mnada waliiweka kabla yangu, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mchomaji akiharibu nyama ya mtu, ikaungua au ikatoka mbichi, anamlipa paja zima la mbuzi kwenye mnada unaofuata. Analinunua yeye, analichoma yeye, na mwenye nyama analila pale pale kiwanjani kwa mchomaji, likiwa la moto, mzee wa mnada akishuhudia. Akila, kesi imekwisha. Likiwa limepoa ana haki ya kulikataa. Na jua likizama paja halijaliwa, mchomaji anafungasha vyombo vyake na kiwanja anapewa mwingine. Usinikunjie uso, Kidawa, ulikuwa ukali kweli. Lakini mtu amechunga ng'ombe barabarani siku mbili, tumbo limeshikana na mgongo, halafu wewe umpe masizi atafune? Sheria ile ndiyo iliyofanya watu watoke mbali kuja kula Igwandu.

Sasa katika safu ile kulikuwa na mwanamke mmoja tu, Sikitu Mkumbo. Tulimwita mama Tabu, kwa jina la binti yake mkubwa. Mumewe alifariki akamwachia watoto wawili na mtamba mmoja mweusi, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Alikuwa mwanamke mpole wa maneno, lakini ukimwuliza jambo utasubiri jibu mpaka usahau uliuliza nini. Ukimwambia, mama Tabu, chai au uji, anafikiri. Mimi alikuwa ananichosha, nasema kweli.

Yeye kama wenzake wote alichomea kwenye nusu pipa. Mnalijua: pipa la mafuta linapasuliwa katikati kwa urefu, linawekewa miguu ya nondo, wavu juu, kazi imekwisha. Ni rahisi, ni jepesi, unaliwasha na baada ya muda mfupi nyama inalia juu yake. Lakini bati lake ni jembamba. Mwaka mmoja tu limeshaungua, limetoboka. Na upepo wetu huu wa Singida, ambao hauna adabu, ukiingia ndani ya pipa unalipua makaa upande huu na kuyaua upande ule, na mchomaji anashinda anageuza nyama kama mtu anayefukuza kuku. Sikitu alikuwa ameshamaliza mapipa matatu. La tatu lilidondoka kitako mchana kweupe, makaa na mbavu za mtu zikamwagika mchangani. Bahati yake mwenye mbavu alikuwa jamaa yake, akacheka, akazikung'uta akala.

Jioni ile Sikitu alikwenda kwa fundi Gunda.

Fundi Gunda alikuwa mhunzi, karakana yake ipo njia ya kwenda kisimani. Ndani ya karakana, kando ya tanuri lake la kufulia chuma, kulikuwa na jiko ambalo sijaona jingine mfano wake mpaka leo. Alilitengeneza kwa oda ya mkubwa mmoja wa reli, kwa chuma kilichotolewa kwenye tangi la treni ya zamani ya mvuke, kisha yule mkubwa akahamishwa na hakurudi hata kuaga. Chuma unene wake kidole gumba. Lina kifuniko chenye bawaba, lina madirisha mawili ya hewa ya kufungua na kufunga, lina droo ya kutolea majivu. Wavu wake ni nondo zilizonyooshwa zikapangwa moja moja. Lilikuwa zuri mpaka linatia hasira. Na bei yake ilikuwa ng'ombe mtamba, bila kupungua hata kwato.

Hapo ndipo Sikitu alipoanza kufikiri, na alifikiri miezi minane. Kila baada ya siku chache anakwenda kwa Gunda, anafungua kifuniko, anakifunga, anapitisha mkono kwenye bawaba, anaondoka. Gunda alimtania kwamba ataanza kumtoza ada ya kutazama. Aliuliza kila mtu. Shabani Makala, mchomaji wa kiwanja cha jirani, alimwambia jiko la mnadani ni la kukimbia nalo, siyo la kuzikwa nalo. Aliniuliza na mimi, nami kwa akili zangu za ujana nikamwambia anunue pipa jipya aache ndoto. Msinitazame hivyo. Nilikosea.

Aliyempinga kwa nguvu hasa ni shemeji yake, Ntandu, mdogo wa marehemu. Huyu hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda watoto wa kaka yake, na yule mtamba alimwona kama ndio usalama wao. Alisema maneno yaliyozunguka kijiji kizima: ng'ombe huzaa ng'ombe, jiko huzaa majivu. Watu walicheka sana. Nadhani maneno yale ndiyo yaliyomchelewesha Sikitu kuliko yote.

Mwishowe alifanya kitu ambacho wengine hatukukifikiria. Siku moja asubuhi alikwenda karakana na chungu cha makaa ya moto, akamwomba Gunda ruhusa, akayamimina ndani ya lile jiko, akafunga kifuniko na madirisha. Halafu akaketi. Alishinda pale kutwa nzima, bila kazi nyingine. Jioni alipofungua, makaa yalikuwa hai, mekundu chini ya majivu, na nondo huwezi kuzigusa. Kwenye pipa makaa yale yangekufa kabla ya adhuhuri. Kesho yake alimfunga yule mtamba kamba, akamswaga mwenyewe mpaka kwa Gunda, akamkabidhi. Hakumwambia shemeji yake ila baadaye.

Tulilibeba wanaume wanne, miti miwili imepita chini. Njiani tulipumzika mara saba. Lilikuwa refu, jeusi, lina kifuniko, na watu waliotuona kwa mbali walivua kofia, wakaja kuuliza nani amefariki. Tangu siku ile Shabani akaliita jeneza, na jina likashika.

Jumamosi ya kwanza ya jiko lile, mnada ulifurika. Alikuwepo Msengi Kingu, mnunuzi mkubwa wa ng'ombe, mtu wa kujaza malori mawili na kuondoka. Kingu alipoliona jiko alivutiwa, akanunua mbuzi mzima, akaniambia nimchinje, akampelekea Sikitu nyama yote ili yeye na vijana wake wanane wale kabla ya safari. Sikitu alifurahi, mimi pia nilifurahi kwa ajili yake.

Aliliwasha kama alivyozoea kuwasha pipa. Saa mbili asubuhi makaa ndani, anapepea, yakishika rangi anapanga nyama. Makaa yalikuwa mekundu, lakini nyama juu ya wavu ilikaa tu. Ilitoa jasho, ikawa nyeupe, haikulia hata kidogo. Chuma kilikuwa baridi na kilikuwa kinakunywa moto wote kwanza. Saa nne ikapita, saa tano, vijana wa Kingu wanazunguka na visu mikononi, dereva anapiga honi. Sikitu akatishika. Akamimina gunia la pili la mkaa, akapepea kwa mikono miwili. Ikafika saa sita na kitu, lile jiko likashika kwa mara moja. Nyama ikaanza kuungua mbele ya macho yake. Akafanya ambacho kila mchomaji wa pipa angefanya: akachota makaa kwa koleo akayamwaga nje. Kwenye pipa ukitoa makaa moto umekwisha. Hapa ilikuwa kana kwamba hakutoa kitu, chuma chenyewe kiliendelea kuchoma. Nyama ikatoka nyeusi nje na nyekundu ndani.

Kingu alikata kipande kimoja, akakitazama, akakirudisha juu ya benchi taratibu. Hakutukana. Bora angetukana. Mzee Shila, aliyekuwa mzee wa mnada, akaitwa, akaja, akaona, akatangaza sheria mbele ya watu wote.

"Nitakuja kulila paja langu, mama," Kingu akasema. "Lakini nakwambia mapema mbele ya hawa. Likiwa limepoa, hata kidogo, sitalitia mdomoni."

Watu waliondoka wakicheka jeneza. Sikitu alibaki anakwangua masizi kwenye nondo, na nilimwona analia. Sikumsogelea.

Jumapili akaenda kwa Gunda. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka visu vyangu vinolewe. Aliingia bila hodi, jambo ambalo si kawaida yake, akamwuliza fundi amemuuzia nini. Gunda akamwuliza aliliwasha saa ngapi. Akasema saa mbili. Gunda akatazama mahali lile jiko lilipokuwa limesimama mwaka mzima, akalitazama tanuri lake, na nikaona uso wake unabadilika.

"Hapa lilikuwa halipoi, mama Tabu," akasema. "Tanuri linawaka kila siku, nalo liko kando yake, mkono mmoja tu. Siku ile uliyolijaribu lilikuwa limeshapashwa, wala mimi sikulikumbuka hilo. Hili ni kosa langu. Chuma hiki ni kinene. Huchelewa kushika, huchelewa kuachia. Ukikipa moto saa mbili, kitakujibu saa sita."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akamwambia mtamba bado yupo zizini kwake. Akitaka kurudisha jiko, alirudishe kabla ya Ijumaa, atampa ng'ombe wake, wamalizane kwa amani. Sikitu akasema amesikia.

Habari zikamfikia Ntandu, na Alhamisi akatukusanya wale wale wanaume wanne tuliobeba mara ya kwanza. Akatuongoza hadi nyumbani kwa Sikitu na ile miti miwili ya kubebea. Tulimkuta uani, nguo imejaa majivu, viganja vimefungwa vitambaa kwa kuungua. Alikuwa hachomi nyama, nyama angeipata wapi. Alikuwa anachoma maboga na viazi vitamu. Ukutani mwa nyumba alikuwa amechora kwa mkaa mistari mistari: jua likifika mstari huu nondo zinakuwa vuguvugu, likifika ule boga linaanza kulainika, likifika ule wa tatu unafunga dirisha moja. Siku nne alikuwa anajifunza jiko lile kama mtu anayejifunza lugha ya wakwe.

Ntandu alisalimia vizuri, akauliza hali ya watoto. Halafu akasema vijana wamekuja kubeba jiko.

"Silirudishi, shemeji," Sikitu akasema.

"Shemeji, nisikilize kwa utulivu. Jumamosi yule bwana akikataa paja, kiwanja kimekwenda. Ng'ombe huna, kiwanja huna. Wewe na watoto wa kaka yangu mtakula nini? Chuma?"

"Kiwanja kikienda nitakuja kwako kwa magoti nikuombe unga, na utakuwa na haki ya kunicheka. Lakini miezi minane nilikaa sijaamua, na hakuna hata mmoja wenu aliyenihimiza. Nimeamua juzi tu, mnakuja na miti."

"Kuna aibu gani kukiri umekosea?"

"Nilikosea kuliwasha. Sikukosea kulinunua." Akaweka mkono wake uliofungwa kitambaa juu ya kifuniko. "Fundi amesema chuma hiki huchelewa kushika, huchelewa kuachia. Basi na mimi ndivyo nilivyo. Mnanijua miaka yote."

Sikitu akatukatia maboga, akatugawia kila mmoja kipande. Yalikuwa yameiva mpaka katikati, hayana doa jeusi hata moja. Sisi wanne tulikula tukasahau tumekuja kufanya nini. Ntandu hakula. Aliondoka akiwa na hasira, na ile haikuwa hasira ya kitu kingine ila hofu.

Jumamosi ikafika. Ulikuwa mwezi wa nane, mwezi wa upepo. Sikitu aliliwasha jiko alfajiri, kabla hata ng'ombe wa kwanza hajaingia uwanjani. Mkaa kiasi, kifuniko kimefungwa, dirisha moja wazi. Shabani na wenzake walipofika saa mbili walimwuliza kama anapika supu ya upepo, maana hakuwa na nyama ya mtu yeyote. Asubuhi nzima hakuna aliyempelekea hata mguu wa kuku. Nyama pekee aliyokuwa nayo ni lile paja, alilonunua kwangu, nami nilimchagulia la mbuzi mnono kuliko wote. Saa sita akaongeza makaa mara moja, akaliweka paja juu ya wavu. Alipiga hesabu kwamba mnada utamalizika saa nane kama kawaida na Kingu atakuja kula.

Sasa mnajua mnada hauwezi kuanza bila bwana mifugo. Yeye ndiye anayepiga muhuri vibali, na bila muhuri ng'ombe habadilishi mmiliki. Siku hiyo pikipiki yake iliharibika njiani, akaja akiisukuma saa tisa alasiri. Mnada ndio kwanza ukaanza. Kingu angeondokaje? Alikuwa na malori mawili ya kujaza, na kila dume zuri lilikuwa na watu watano wanaolitaka. Alisimama kwenye ua wa ng'ombe mkono juu, hageuki.

Upepo nao haukupumzika. Wachomaji wote walikuwa wamewasha tangu asubuhi wakitegemea watu watakula mapema. Upepo ukawa unakula mkaa wao bila kuchoma nyama. Kufikia saa kumi magunia yalikuwa matupu. Wauza mkaa walikuwa wamemaliza na kwenda zao. Safu nzima ya mapipa ilibaki majivu, na nyama za watu juu ya nyavu zimeiva nusu.

Paja la Sikitu lilikuwa limeiva tangu saa nane. Alichofanya ni kusukuma makaa pembeni, akafunga madirisha yote mawili, akafunga kifuniko, akaketi kando juu ya gunia. Watu wakaanza kukusanyika. Ntandu alikuja, amekunja mikono. Akamwomba afungue waone. Sikitu akakataa. Shabani akasema humo ndani limeshakuwa kaa. Mwingine akasema limeshapoa, makaa mangapi yale aliyotia. Hata mimi nilimwomba. Nilikuwa nakimbia baina yake na ua wa ng'ombe, nikimwangalia Kingu, nikilitazama jua. Nilimwambia, mama Tabu, chungulia kidogo tu, angalau ujue moja.

"Kila nikifungua natoa kile nilichokitia alfajiri," akaniambia. "Sifungui mpaka aje mwenye nyama."

Msije mkadhani hakuogopa. Aliogopa sana, na hakufungua.

Mzee Shila naye akaja, akasimama kiwanjani kwa Sikitu, akalitazama jua. Lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili juu ya kilima. Halafu kidole kimoja. Ndipo tukamwona Kingu anakuja, vumbi mpaka kwenye nyusi, amechoka, vijana wake nyuma yake. Alimsalimia Mzee Shila kwanza, kisha akamgeukia Sikitu.

"Mama, sikukusudia kuchelewa, mnada ndio ulionishika," akasema. "Naona mapipa yote yamezima tangu saa kumi. Lakini nilitoa neno langu mbele ya watu. Likiwa limepoa, siwezi kulila."

Sikitu alisimama, akashika kifuniko kwa vitambaa, akakifungua.

Moshi mzito wenye harufu ya mafuta ukatoka, na chini yake tukasikia sauti, tsss, tsss, mafuta bado yanadondoka juu ya chuma cha moto. Paja lilikuwa la rangi ya asali iliyokolea, halina weusi. Kingu alinyoosha mkono akashika mfupa, akauachia haraka na kupuliza vidole. Kuna aliyecheka, akanyamazishwa. Kingu akatoa kisu, akakata, akatia mdomoni, akatafuna huku anatazama chini. Akakata tena. Akawaita vijana wake. Walikula paja lile mpaka mfupa ukawa mweupe, na sisi wote tumesimama tunawatazama kama watoto kwenye harusi ya watu.

Mzee Shila akasema kesi imekwisha, na jua likazama nyuma yake wakati anasema.

Kingu aliosha mikono, akamwuliza Sikitu aliongeza makaa mara ya mwisho saa ngapi. Akamwambia saa sita. Kingu akarudia, saa sita, akatikisa kichwa, akamwambia kuanzia mnada ujao mbuzi wake wote watachomwa pale. Sikitu akashukuru. Halafu akaketi chini mchangani, akafunika uso wake na kanga. Wanawake wakamsogelea.

Alipoinuka alimkuta Shabani amesimama mbele yake na karai la mbavu zilizoiva nusu. Mnaelewa hali yake? Nyama ile ilikuwa ya watu watatu. Ikitoka mbichi anadaiwa mapaja matatu, kwa sheria ile ile. Sikitu alilitazama karai, akafikiri, na mara hii hakufikiri sana. Akasogeza makaa, akafungua dirisha moja, akamwambia azipange mbavu mwenyewe, upande wa kulia ndio wenye moto zaidi. Nyuma ya Shabani wakaja wengine, mmoja mmoja, na makarai yao. Safu nzima ya wachomaji wa Igwandu ilimaliza nyama zake kwenye jiko moja jioni ile.

Jiko lenyewe lilibaki pale pale kiwanjani usiku kucha, nani angelibeba, na mwizi wa kuliiba bado hajazaliwa. Jumapili asubuhi nilipita kuchukua gogo langu la kuchinjia. Uwanja ulikuwa mtupu, upepo unasukuma nyasi. Nikamwona Ntandu amesimama peke yake mbele ya jiko, amenipa mgongo. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kifuniko, na hakukiondoa. Nikakohoa ili ajue nipo. Akageuka, hakuona haya, akanishika mkono akaukandamiza juu ya chuma karibu na wake.

Kilikuwa bado kina joto.

"Unasikia?" akaniambia, na macho yake yalikuwa na machozi. "Kaka yangu alioa mwanamke, na mimi sikumjua. Chuma kinene huchelewa kushika, huchelewa kuachia."